Miguu Uliyoifunika kwa Udongo

Papa Wilondja,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini wewe nitakuulizaje hali? Nianze na yangu. Mimi ni mzima, nina hasira, na ninapokuandikia bado nina udongo kwenye kucha. Nimechukizwa, Papa. Nimechukizwa hadi chakula hakipiti kooni. Nimejaribu kuwaeleza watu wa nyumbani kwangu, wakaniambia niachane na mambo ya wakubwa. Basi nimeona nikuambie wewe, ambaye huwezi kuniambia niache.

Nianzie kwenye matanga yako, maana uchafu ulianzia hapo hapo.

Ulifia Mbarara, hilo unalijua. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikikushikia kikombe cha chai ya tangawizi, na neno lako la mwisho lililoeleweka lilikuwa kwamba yule aliyeipaka wodi ile rangi ya kijani hakuwapenda wagonjwa. Ukacheka kidogo, ukakohoa, ukalala. Hukumtaja Mungu, hukumtaja shetani. Nilikuwepo mimi. Lakini tulipokurudisha hapa kambini Nakivale, hata turubai la matanga halijakazwa vizuri, mchungaji wa Wapentekoste akasimama akatangaza kwamba ulimpokea Bwana pale hospitalini, tena kwa machozi. Machozi gani? Yeye mwenyewe Mbarara hakufika. Na katekista wetu sisi Wakatoliki hakukubali kushindwa, akasema ulikuwa umemwomba rozari na ulikuwa karibu kubatizwa. Wakaanza kubishana nani atatangulia kuomba, na wewe umelala hapo katikati yao, umefunikwa shuka. Mwishowe wakaomba wote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu akipandisha sauti ili amfunike mwenzake. Nilitoka nje nikatema mate.

Miaka yote niliyofanya kazi ya kupaka rangi na wewe, Jumapili ulikuwa unakaa juu ya lile jiwe nje ya ukumbi. Asubuhi Wakatoliki wako ndani, unasikiliza kupitia dirishani. Wakitoka, wanaingia Wapentekoste na ngoma zao, nawe uko pale pale, hujasogea. Uliwapakia Wakatoliki Bikira Maria wao, ukawaandikia Wapentekoste mstari wao juu ya mlango, na hakuna aliyekuuliza wewe ni wa upande gani. Nilikuuliza mimi, siku moja tukikoroga rangi. Ukaniambia, "Konso, hata fasi ya katikati Mungu anaionaka." Basi, ukaendelea kukoroga. Mimi nikaona hiyo fasi, mahali pa katikati, ni jibu la mtu mvivu. Lakini nilipowaona wale wawili wakikugawana mbele ya wafiwa, niliutamani sana uvivu ule.

Sasa nije kwenye picha.

Unaijua kuliko mimi, lakini acha niieleze, kwa sababu nimeisikia ikielezwa vibaya mara nyingi mno na naogopa nami nitaanza kuisahau. Ni kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, ule unaotazama bomba la maji. Mwanamume amesimama mlangoni mwa nyumba ya matofali ya udongo. Mlango ni wa mbao, wa bluu, uko nusu wazi, na mkono wake umeushika. Amesimama kiubavu. Uso ameugeuza, unaona shavu na sikio tu. Ukilitazama bega lake unasema anaingia. Ukiitazama shingo unasema anatoka. Ukitazama vile vidole vilivyoushika mlango, huwezi kusema kama anaufungua au anaufunga.

Wanawake wa bombani waliigombania picha ile tangu siku ya kwanza. Mmoja alisema ni mume wake anatoroka kwenda kwa mke mdogo. Mwingine akasema hapana, ni mume wake yeye, anarudi na sukari, na hao hao wakacheka hadi majerikani yakafurika. Wakongomani waliona nyumba ya kwao Fizi. Warundi tuliona nyumba ya kwetu. Kila mtu aliingiza mtu wake. Wewe ulikuwa unapita na ngazi yako begani, wakikuuliza unajibu, "Mimi napakaka tu," unaenda zako.

Lakini mimi na wewe tulijua. Mvua za huku zinarusha udongo mwekundu ukutani hadi usawa wa magoti, kwa hiyo ulikuwa na desturi ya kupaka kuanzia juu kushuka chini, na sehemu ya chini kabisa unaiacha hadi siku ya mwisho, jua likiwaka. Ndiyo maana miguu ya watu wako wote ilikuwa inakuja mwisho. Na ya mtu yule uliipaka mbele yangu, mchana mweupe, nikiwa nimeshika kopo la rangi ya kahawia. Ilikuwa miguu mizuri mno. Visigino vimepasuka, kidole gumba kimejikunja kidogo kama cha mtu aliyelima maisha yake yote. Ilieleweka vizuri sana inakoelekea. Nikakuambia, "Papa, hii ndiyo kazi yako bora." Ukarudi nyuma, ukakaa juu ya debe, ukawa unaitazama.

Hapo ndipo alipopita Mama Bukuru.

Mama Bukuru ni Mrundi mwenzangu, mama wa mapacha. Bukuru anaye, amefungua kibanda cha kinyozi pale sokoni Rwekubo. Butoyi alimpotea njiani walipokuwa wanakimbia. Kundi lilikatwa vipande viwili kwenye kizuizi cha barabarani, na mtoto alikuwa kwenye kipande kile kingine. Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna aliyemwona yu hai. Kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu, katekista anamfuata ampe jina la Butoyi lisomwe pamoja na mengine, naye anakataa. Na wale wanawake wa maombi wakimwambia ashangilie kwa kuwa mtoto atapatikana, anakataa vilevile. Watu wanasema ana kichwa kigumu.

Siku ile alisimama mbele ya ukuta wako, akaliteremsha jerikani, akautazama ule mkono uliokamata mlango. Kisha akakaa chini akanyoosha miguu, vile mama zetu wanavyokaa msibani. Mimi nilijifanya nasafisha burashi. Baadaye akainuka, akajitwisha maji yake, akaenda. Nawe ukachukua udongo wa kichuguu tuliobakiza wa kusiliba, ukautia majivu na maji, ukakipandisha kile kizingiti cha mlango hadi kikameza miguu yote mpaka juu ya vifundo. Rangi ilikuwa bado mbichi chini yake. Nilitaka kulia. Ukaniambia, "Usimwambie muntu. Hata bakikuuliza, weye hukuona."

Nikakubali. Na tangu siku ile Mama Bukuru alikuwa anakuja kila alasiri akitoka shambani, anakaa mbele ya mtu wa mlangoni, halafu anaenda kupika.

Nakumbuka wakati ule ule tulikuwa na mkutano wa mgao wa chakula. Presida, mwenyekiti wa kamati yetu ya wakimbizi, unamjua, yule mwenye sauti ya redio, aliulizwa mbele ya watu wote: mgao unapungua au haupungui? Akajibu, "Hatuwezi kusema utapungua, wala hatuwezi kusema hautapungua. Tunachosema ni kwamba mambo yanaangaliwa." Watu wakapiga makofi, Papa. Wakapiga makofi! Halafu mgao ukaja nusu, kisha nyumba nyingine zikaambiwa haziko tena kwenye kundi la kupewa. Wakamfuata Presida kumlilia, naye akasema yeye hakumdanganya mtu. Na ni kweli, hakudanganya. Hakusema kitu chochote cha kumfunga. Mama mmoja alikuwa ameuza mbegu zake za maharage kwa sababu ya mkutano ule, akiamini chakula kinakuja, na akabaki hana cha kupanda.

Nikarudi kwako nikiwa nimevimba. Nikakuuliza: kuna tofauti gani kati yako na Presida? Yeye hasemi, na wewe husemi. Yeye anafunika, na wewe umefunika. Ulicheka hadi ukashika kiuno, ukaniomba nikuwekee maji ya chai. Hukunijibu kabisa, na mimi nilikasirika siku nzima.

Jibu nimelipata mwenyewe, umeshakufa. Lile neno la Presida linamwachia yeye njia ya kuponyokea. Mlango wako ulituachia sisi. Ni hivyo tu, sina maneno makubwa ya kuongeza. Lakini laiti ungeniambia ukiwa hai, ningeweza kuwaambia pale Biharwe.

Sasa nikueleze ya Biharwe, maana hapo ndipo nilipoona mtu anaweza kupata kichefuchefu akiwa ameshiba.

Baada ya matanga yako walikuja watu wa mradi mmoja kutoka Mbarara. Walipiga picha ukuta kutoka kila upande, wakaupima kwa kamba, wakaniuliza wewe ulizaliwa wapi. Kiongozi wao ni bibi mmoja Mnyankore, ana adabu, ana viatu vizuri, anacheka na kila mtu. Kisha tukaitwa semina, kwenye hoteli moja Biharwe, tukachukuliwa kwa gari lenye kiyoyozi. Viti vilikuwa vimevalishwa nguo nyeupe. Mbele wameweka kitambaa kikubwa chenye mtu wako wa mlangoni amechapishwa, na miguu wamemkata magotini ili aenee. Wageni walikuwa wanaongea Kiingereza, sisi tukawekewa mkalimani, yule dada wa Juru mwenye miwani.

Wakaanza kumweleza mtu wako. Mchungaji akasema ni Yesu amesimama mlangoni. Mgeni mmoja akasema ni tumaini, akalisema neno hilo kila alipovuta pumzi. Presida akasema, kwa sauti ile ile ya redio, kwamba marehemu alikuwa rafiki yake wa karibu, na kwamba mara nyingi ulimwambia kuwa huyo ni mkimbizi anayerudi nyumbani kwake kwa hiari. Rafiki yako wa karibu! Mtu aliyekufanya umpakie jina lake juu ya mlango wa duka, halafu akaleta malalamiko kwamba herufi ni ndogo.

Unaona mchezo wao? Mtu ambaye tangu amezaliwa hajawahi kusema sentensi moja ikasimama, ambaye ukimuuliza kama leo ni Jumanne atakuambia suala hilo linafuatiliwa, huyo huyo anataka picha iseme wazi. Maneno yao yawe telezi, lakini ukuta wako utoe ushahidi. Nilimtazama akikatakata ile nyama ya mbuzi na nikajikuta siwezi kuendelea kula.

Halafu bibi wa mradi akanigeukia, kwa upole kabisa, akaniita kwa adabu ya lugha ya kwao. "Nyabo, wewe ndiye ulifanya kazi na mzee. Sisi tunataka kujua tu, huyu mtu anaingia ama anatoka? Wafadhili wanauliza."

Watu wote wakanitazama. Nikasimama. Nikasema, "Papa Wilondja hakumwambia mtu, na mimi sisemi. Kila mtu pale kwetu ana mtu wake kwenye mlango ule. Mkiandika jibu, mtawafukuza." Hayo tu, kisha nikakaa.

Dada wa Juru akayageuza kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la nyumbani nalijua, na la furaha nalijua, na mimi sikuwa nimetaja nyumbani wala furaha. Wageni wakatabasamu, wakapiga makofi. Presida akanipigapiga begani. Tulipotoka nilimfuata yule dada hadi kwenye bomba la kunawia, nikamuuliza umesema nini. Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Dada Konsolata, nimesema ulichotakiwa kusema. Hawa watu wakikasirika, mradi unaondoka." Hakuwa na ubaya, ndilo linaloniudhi. Ana watoto, ana kazi ya kulinda. Kila mtu pale alikuwa na sababu nzuri.

Wakachapisha fulana. Picha yako kifuani na maneno chini yake: NARUDI NYUMBANI. Nimeziona zimevaliwa na waendesha bodaboda wa Rwekubo, na juzi nimemwona mtu Isingiro amemvalisha mbuzi. Kisha wakaleta fundi kutoka mjini, akaandika maneno yale yale kwenye ukuta wenyewe, chini ya kizingiti chako, kwa bluu nzito. Tena herufi mbaya, Papa. R imeinama, na zile N tatu hazilingani kwa urefu. Hakupiga hata mstari wa penseli. Ungemwona ungetoka kaburini umnyang'anye burashi.

Na maneno hayo hayakuandikwa bure. Wiki zile zile watu wa ofisi ya kambi walikuwa wameanza kuwaandikisha Warundi wanaotaka kurudi Burundi. Kwa hiari, walisema. Ukiwauliza, na asiyetaka je, wanakujibu kwamba hakuna anayelazimishwa, ila hali inaweza kubadilika. Inabadilika kwenda wapi? Hapo wanakunja midomo. Watu wakaanza kulala vibaya. Wengine walihamisha vyombo kwa ndugu zao upande wa Wakongomani. Na pale bombani kicheko kilikwisha. Hakuna tena mume wa sukari wala mume wa mke mdogo. Wanachota maji macho yako chini, kwa sababu ukiutazama ukuta ni kama unatia sahihi.

Mama Bukuru akaacha kuja. Nilidhani anaumwa. Kisha Bukuru mwenyewe akaja kwangu kutoka Rwekubo, mkasi bado uko mfukoni, akaniambia mama yake amejiandikisha kurudi. Nyumba ya kule ilishachukuliwa na watu wengine, shamba halipo, ndugu waliobaki hawaongei naye. Mama mzima wa umri ule atashuka kwenye lori aende kukaa kwa nani? Bukuru aliniomba niseme naye, kwamba mimi ananisikiliza. Nilikwenda, nikamkuta anachambua maharage. Nilipoanza tu, akanionyesha kiganja ninyamaze, akanipa sahani ya maharage nimsaidie. Nikachambua, nikarudi nyumbani.

Na nitakuambia nilichofikiri. Nilifikiri ameyaamini yale maneno. Nilifikiri amesoma "narudi nyumbani" akasema huyo ni Butoyi wangu, amesharudi, niende nikamfungulie. Nilimwona mtoto mdogo, Papa. Nikamchukia Presida, nikamchukia bibi wa viatu, nikakuchukia na wewe kidogo, kwa sababu ungeiacha miguu ile ionekane tangu mwanzo, kusingekuwa na mtu wa kuigeuza picha anavyotaka.

Basi leo mchana, saa watu wamejaa bombani, nilichukua jembe nikaenda kwenye kile kichuguu nyuma ya vyoo. Nikachimba, nikaloweka, nikatia majivu kama ulivyonifundisha. Nikapiga magoti chini ya ukuta na kuanza kuisiliba ile N ya kwanza. Wanawake walisogea, hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimefika katikati ya neno la pili Presida alipokuja, mbio mbio, tumbo likitangulia. Akauliza nani ameniruhusu. Nikamwambia, "Hatuwezi kusema nimeruhusiwa, wala hatuwezi kusema nimekatazwa." Pale bombani mtu mmoja alicheka, halafu wakacheka wote. Presida akasema suala hili litafika ofisini, akaondoka akiongea na simu ambayo sidhani kama ilikuwa na mtu.

Nikiwa bado nimepiga magoti, nikaona miguu ya Mama Bukuru karibu na beseni la udongo. Amekuja na jerikani lake. Ghafla nikashindwa kujizuia. Nilikuahidi, najua, lakini lori linakuja, na mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumzuia nacho. Nikamwambia kwa Kirundi, pole pole, wengine wasisikie: mama, usiende. Huyo mtu harudi popote. Anatoka. Niliiona miguu yake kabla haijafunikwa, ilikuwa imeupa mlango kisogo. Wamekudanganya.

Nilingoja alie. Hakulia. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyevaa shati kinyume.

"Konso," akasema, "mimi niliiona miguu ile ikiwa mibichi. Nilipita pale ukiwa umeshika kopo. Wewe ulidhani natazama mkono?"

Nikakaa kitako kwenye udongo.

"Kesho yake nikakuta kizingiti kimepanda. Nikajua yule mzee amenifunikia. Basi nikamwacha afikiri sikuona."

Papa. Miaka yote ile! Wewe ulikuwa unapita na ngazi yako unamsalimia, umeridhika kwamba umemfichia. Naye alikuwa anaitikia salamu yako, ameridhika kwamba umeridhika. Nami katikati nimebeba siri nzito ambayo haikuwa siri, ninajiona mtu wa maana.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini basi anarudi Burundi. Sauti yangu ilipanda, wanawake wakageuka. Alijibu akiwa anatazama herufi zilizobaki.

"Mbele ya mtu anayetoka naweza kukaa. Mbele ya mtu anayeingia naweza kukaa. Mbele ya tangazo siwezi. Nikikaa chini ya maneno yale, wapita njia wanasema huyu amekubali. Na mimi sijakubali kitu. Sijakubali kwamba Butoyi amekufa, sijakubali kwamba anakuja. Pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyekuwa ananiuliza. Wamepachukua, nibaki hapa kwa nini?"

Hakuwa amedanganywa hata siku moja. Alikuwa amefukuzwa. Nilikwenda kumwokoa na ujinga, kumbe mjinga nilikuwa mimi, na wao, na wale waliokalia viti vilivyovalishwa nguo nyeupe kule Biharwe. Kila mtu alidhani mama huyu anahitaji kuambiwa.

Nikarudi kusiliba hadi ikabaki herufi moja. Halafu akafanya jambo moja. Aliinama, akachota udongo kwenye beseni langu kwa mikono miwili, akaisiliba ile I ya mwisho yeye mwenyewe. Akalainisha kwa kiganja, pole pole, kama anavyompaka mtoto mafuta. Alipomaliza akanawa bombani, akarudi, akakaa chini na kunyoosha miguu. Wanawake walijifanya hawamwoni. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake kwamba huyo wa mlangoni amenenepa siku hizi, bila shaka mke mdogo anapika vizuri.

Kuhusu lori, Bukuru amepita hapa kwangu jioni hii nikiwa nimeanza barua. Amesema mama yake amemtuma ofisini akalifute jina lake, na amelifuta. Walimuuliza sababu. Akawaambia mama hakutaja sababu.

Sijui watanifanya nini. Presida hatasahau vile vicheko. Huenda wakaniita, huenda wakaninyima kazi za mabango, huenda bibi wa mradi akaja na fundi mwingine na kopo jingine la bluu. Bado nimechukizwa, usidhani udongo umenisafisha. Nikifumba macho nasikia makofi ya Biharwe. Lakini nimekula. Nimekula ugali wote na nikaongeza.

Pumzika, Papa Wilondja. Wachungaji na makatekista wakikufuata huko waliko watu wenu, watimue. Ahadi yangu niliivunja leo mara moja, kwa mtu mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa, na sitaivunja tena. Na nakuahidi nyingine. Wakiandika tena, nitasiliba tena, mchana, watu wakiona. Kichuguu kile ni kikubwa, Papa, na mchwa bado wanakijenga.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Konsolata